Wasikilizaji wa Jumamosi

Jumatatu ile Dodoma nzima iliamka na kijicho. Inspekta Munir alikiona tangu kwenye chai. Mama anayempikia chapati jirani na kituo cha polisi alimweleza, bila kuulizwa, kwamba mjomba wake alikuwa akipiga gitaa Mpwapwa vizuri kuliko huyo mzee wa redioni, na mbona hakuna aliyekwenda kumtangaza? Askari wa zamu akadakia kwamba baba yake alipuliza tarumbeta mpaka akang'oka meno, na akafa bila kutajwa na mtu. Munir alikunywa chai yake akalipa. Asubuhi alikuwa mtu wa maneno machache, na mchana yalizidi kupungua.

Yeye kipindi chenyewe hakukisikia. Jumamosi mchana alikuwa mnadani Chemba akifuatilia ng'ombe wa wizi. Aliporudi mjini jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta kazi nyingine inamngoja.

Sasa tusimchanganye mtu, tuanze na hiyo redio. Redio Nyika ilikuwa ya mtu binafsi, changa, bado rangi ya kibao chake inanukia. Zamani redio ilikuwa moja tu, ya serikali, na ili utajwe humo ilibidi uwe waziri au uwe umekufa. Siku hizi biashara ni huria, mwenye fedha zake anasimamisha mlingoti, na watu wa Dodoma wakagundua kwamba jirani yako wa ukuta kwa ukuta anaweza kusifiwa hewani saa nzima huku wewe umekaa unamenya vitunguu. Hapo ndipo roho za watu zilipoanza kuuma.

Jirani mwenyewe ni Mzee Sila Ndahani wa Chang'ombe, mpiga piano wa jazi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye hoteli ya zamani karibu na stesheni, akiwapigia wasafiri. Hoteli ilipouzwa, mwekezaji aliitoa piano nje apate nafasi ya meza za puli, na Mzee Sila akaipeleka kwake kwa mkokoteni, watu wakimcheka njia nzima. Ikakaa sebuleni, akawa anapiga kila jioni. Wimbo uliopendwa kuliko zote ni ule aliomtungia mkewe, “Loisi wa Hombolo”. Harusi haikunoga mjini bila wimbo huo, kwa bendi au kwa kaseti. Loisi mwenyewe, ambaye watu humwita Mama Loisi kwa heshima, akipita sokoni, wauza mboga humwimbia kwa utani, naye huitikia kwa kuzungusha ncha ya kanga yake, mwanamke na umri wake.

Jumamosi saa nane mchana Redio Nyika ilirusha kipindi cha Mzee Sila. Mwenyewe alialikwa akisikilize kule kule studio, akavaa na tai. Kabla saa tisa haijagonga, piano yake ilikuwa inawaka moto sebuleni, paa limeshaanza kushika, na Mama Loisi ameungua mikono yote miwili.

Koplo Respicius alikamata mtu jioni ile ile. Respicius alikuwa kijana wa Bukoba, mwepesi wa miguu, mwenye haraka ya vyeo wala hakuificha. Aliyemkamata ni Meshack, mpiga ngoma wa bendi ya zamani ya Mzee Sila. Ushahidi ulikuwa mnono. Meshack alikuwa baa ya Makole pamoja na wenzake, wanasikiliza kipindi, akasimama katikati akasema mbele ya watu kwamba hicho kinanda kingetiwa kiberiti tu yaishe. Akatoka. Muda si mrefu akaonekana Chang'ombe, karibu na nyumba ya Mzee Sila, ameshika galoni ya mafuta ya taa. Kuchoma nyumba kwa makusudi ni kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika maisha, na Meshack hakuwa na maisha mengi yaliyobaki ya kufungwa. Saa nane mchana wa Jumatatu hiyo alitakiwa apandishwe kizimbani.

“Faili limekamilika, afande,” Respicius alisema. “Bado sahihi yako tu.”

“Na kitambaa?”

Respicius akavuta pumzi. Kitambaa walishakizungumza Jumapili, walipokwenda kukagua nyumba. Sebule ilikuwa nyeusi tupu, piano imebaki chuma na nyaya zilizojikunja, harufu ya mafuta ya taa imejaa. Lakini juu ya cherehani, chumba cha pili, Munir alikuta kitambaa kirefu cha kufuma, cheupe, chenye tausi wawili wa uzi mwekundu. Kimekunjwa mara nne, kimenyooka, hakina hata doa la moshi. Mtoto wa jirani yeyote angekwambia kitambaa kile ndicho kilichokuwa kikifunika piano, kwa sababu Mama Loisi alikifuma kwa mkono wake na hakuruhusu mtu akiguse.

“Labda alikitoa afue,” Respicius alisema.

“Labda,” Munir akasema, na sahihi hakuiweka.

* * *

Wodini walimkuta Mama Loisi ameegemezwa mto, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, kidole gumba cha kushoto tu ndicho kilichobaki nje. Mzee Sila alikuwa anamlisha uji. Alikuwa bado na lile shati la studio. Alipowaona akasimama, akasalimia, akachukua bakuli akatoka nalo kwenda kuosha, maana alikuwa mtu wa adabu na alijua polisi hupenda kuzungumza na mtu peke yake.

“Shikamoo, mama,” Munir alisema.

“Marahaba, baba. Umerudi tena?”

Munir akamwomba radhi. Akamweleza kwamba maelezo ya Jumamosi aliyatoa akiwa na maumivu, na sheria inataka yachukuliwe vizuri. Mama Loisi hakubisha. Akaanza mwanzo: jinsi mumewe alivyoondoka amejipulizia manukato, jinsi alivyobaki peke yake, jinsi alivyokwenda jikoni, kile kijumba cha nyuma, kuchambua mboga. Alisema kwa sauti kavu, kama anayesoma. Aliongeza sauti mahali pamoja tu.

“Redio yangu ilikuwa dirishani pale jikoni. Anaongea weee, bendi, hoteli, safari za Nairobi. Mwisho kabisa akaanza habari za Salha wake wa Kondoa. Kwamba ule wimbo ni wa Salha, aliutunga kwa ajili yake, wazee wa yule mwanamke walipomkatalia ndiyo akabadilisha jina akaniwekea mimi. Mkoa mzima unasikia. Ndipo nikasikia kitu kinaanguka sebuleni.”

“Ukaenda?”

“Nikakimbia, nikakuta moto.”

“Ulimwona mtu?”

“Mgongo. Mwanamume anatokea mlango wa mbele.”

“Meshack,” Respicius akasema.

“Mimi nimesema mgongo,” Mama Loisi akamjibu. “La Meshack umelileta wewe.”

Munir akaandika. Alipofunga kalamu, mama akamwuliza watu wanasemaje huko nje. Munir akadhani anauliza juu ya moto, akamwambia kwamba majirani wanamwombea. Mama Loisi akatikisa kichwa. Alikuwa anauliza juu ya kipindi. Munir akajibu kwamba watu wanasema mengi, kila mtu na lake, na kwa kweli hakuwa anadanganya. Mama akageuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka walipoondoka.

* * *

Mahabusu, Meshack hakuwapa kazi. Alikiri yote isipokuwa moto wenyewe.

“Roho iliniuma, afande, sikufichi,” alisema, ameshika nondo. “Mimi nilikuwa naye tangu hatuna hata viatu. Ngoma nilizinunua kwa kuuza mbuzi wa mama yangu. Anafika redioni, anasema, mimi na wenzangu wachache. Mimi ndiye wenzake wachache. Jina langu lingemgharimu nini?”

Munir akamwuliza juu ya maneno ya kiberiti. Meshack akasema ni kweli aliyasema, na si mara ya kwanza, amekuwa akitishia kuichoma piano ile tangu mwaka sabini na mbili, kila walipogombana, na Sila mwenyewe anajua. Mafuta ya taa alikuwa anayapeleka nyumbani kwa ajili ya jiko. Duka lake la siku zote liko Chang'ombe, na kutoka pale huwezi kufika kwake bila kupita kwa Sila. Galoni ilikamatwa imejaa mpaka shingoni. Respicius alikuwa ameliandika hilo kwenye faili bila kuona kwamba, kama ni hivyo, hakuna tone lililomwagwa.

Nje ya kituo, chini ya dirisha la mahabusu, binti yake Anitha alikuwa amekaa na kikapu cha chakula tangu asubuhi. Watu wa upande wa mchumba wake walikuwa walete mahari wiki hiyo. Jana walituma mtu aseme kwamba wamesikia mambo, watasubiri kwanza. Anitha hakulia wala hakuomba chochote. Alimwuliza Munir kama baba yake ameruhusiwa kuvaa koti, kwa sababu huwa anakohoa.

Munir akaangalia jua. Akamwambia Respicius awashe gari, waende Uhindini kuchukua kaseti ya kipindi, ili wapime ni dakika ipi Meshack alipotoka baa na kama miguu ya mzee kama yule ingeweza kununua mafuta, kufika, kumwaga na kuwasha kabla ya moshi kuonekana. Ndiyo kazi ya upelelezi ilivyo. Watu wanafikiri ni kukimbizana na bastola, kumbe ni kupima mwendo wa mzee mwenye kikohozi.

* * *

Redio Nyika ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Ngazi zilijaa wasikilizaji. Munir hakuwa na sare, akapita katikati yao kama mlalamikaji mwenzao, akakaa kwenye benchi la mapokezi akisubiri mtangazaji amalize kusoma taarifa ya habari. Akafungua masikio.

Uungwana tuuweke pembeni: kilikuwa kioja. Mzee mmoja mwenye fulana iliyochanika alikuja kudai kwamba mkokoteni uliobeba piano ulikuwa wake, na Sila alizungumza juu ya safari ile bila kumtaja mwenye mkokoteni. Mwalimu wa kwaya alisema yeye ndiye aliyemfundisha Sila noti, kanisani, na kwamba zile sifa za kujifunza mwenyewe kwa kipaji ni uongo mtupu. Mwingine alikuwa na picha ya bendi nyingine kabisa, akataka wiki ijayo watangazwe wao. Katikati ya hao alikaa Bi Mwanne, mjane wa mpiga besi, amejitanda kanga mbili, anatafuna karafuu. Bi Mwanne alilalamika kwamba marehemu mumewe alitajwa kwa jina la kwanza tu, kama utingo, na akaeleza pia ni nani mjini humu aliyejenga kwa fedha za nani, nani mkewe amerudi kwao, na kwa nini. Huyo ndiye mwanamke ambaye ukikohoa mtaani Majengo, yeye yuko mtaani Kikuyu anaeleza kwamba una kifua.

Munir alisikiliza muda mrefu. Na kadiri alivyosikiliza, ndivyo kitu kilivyoanza kumsumbua. Watu wote hawa wana kijicho, wote wanatafuta pa kumchoma Mzee Sila, wote wamekisikia kipindi neno kwa neno. Mzee amekaa redioni, kwa mdomo wake, akasema kwamba wimbo wa mkewe, wimbo wa harusi za mji mzima, aliutungia mwanamke mwingine. Hiyo si habari ndogo. Hiyo ni habari ya kutembezwa nyumba hadi nyumba kama sinia la futari. Leo siku ya tatu, na kuanzia mama wa chapati mpaka Bi Mwanne, hakuna hata mmoja aliyeigusa.

Akamwinamia Bi Mwanne.

“Shikamoo, Bi Mwanne. Na lile la Salha je, umelionaje?”

Bi Mwanne akaacha kutafuna. “Salha yupi?”

“Si alimtaja? Kwenye wimbo.”

“Kwenye wimbo si ndipo walipomkata?” Macho ya Bi Mwanne yakawaka. “Ana nini huyo Salha?”

“Nimechanganya, mama. Huyo ni wa kesi nyingine, ya ng'ombe.”

Mtangazaji alikuwa ametokea mlangoni, amesikia. Alikuwa binti mrembo, mwenye miwani, jina lake Salwa, ndiye aliyeandaa kipindi. Munir akamwonyesha kitambulisho, naye akawaita ndani yeye na Respicius, akafunga mlango wa studio, na pale hakuna sauti inayotoka wala kuingia.

“Afande, nani amekuambia habari za Salha?” aliuliza. “Hiyo haikwenda hewani.”

Munir akakaa. Akamwomba aeleze polepole, na Salwa akaeleza. Kipindi kilikuwa kimesharekodiwa. Sehemu ya mwisho ilikuwa ndiyo tamu kuliko zote: Mzee Sila anasimulia jinsi ule wimbo ulivyozaliwa. Kwenye kaseti alikuwa ndiyo kwanza amevuta pumzi aanze, mlango ukafunguliwa, wakaingia vijana wawili wamevaa kofia. Bibi Mwanahawa amefariki, mama wa mwenye duka la vitenge, na mazishi ni leo leo baada ya alasiri. Tangazo la msiba wa Kiislamu halingoji kipindi kiishe. Likingoja, maiti inazikwa na ndugu bado wako Kondoa. Fundi akamkata Mzee Sila, Salwa akaanza kusoma. Na Bibi Mwanahawa, Mungu amrehemu, alikuwa na ukoo. Habari ziwafikie wa Kondoa, ziwafikie wa Chemba, wa Singida, wa Tabora, wajukuu wa Dar es Salaam, na wakwe. Alipomaliza ikabaki dakika ya kupiga muziki, saa tisa ikagonga.

“Nusu ya hawa walioko nje wamekuja kulalamikia kukatwa huko,” Salwa alisema. “Wanataka nikirudie chote. Siwezi. Mwisho wake haupo tena.”

“Uko wapi?”

“Nimeufuta. Mzee mwenyewe aliniomba, hapo hapo, nilipomaliza tu kusoma majina. Alikaa kiti hicho ulichokalia. Aliniambia sifa zilimlevya siku ile tuliporekodi, akasema neno ambalo halikupaswa kutoka. Akashukuru kukatwa.”

“Nani mwingine aliusikia mwisho huo?”

“Mimi na fundi. Na Mzee Sila, nilimpa nakala yake Alhamisi akasikilize nyumbani.”

“Nyumbani,” Munir alisema.

Respicius, aliyesimama mlangoni, akamtazama mkubwa wake. Kijana alikuwa na haraka lakini hakuwa mjinga. Waliposhuka ngazi alisema kwa sauti ndogo kwamba mwizi au adui hawezi kukunja kitambaa. Munir akamwambia kwamba ndiyo, na tena mara nne.

* * *

Walirudi wodini saa sita imeshapita. Munir alimtuma Respicius akae na Mzee Sila kwenye benchi la nje, akamwomba muuguzi asimame karibu awe shahidi, akavuta kiti. Akamwambia Mama Loisi, kwa utaratibu wa sheria, kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba maelezo ni yake, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Mama akamtazama bila kushtuka.

“Mama, Jumamosi wakati wa kipindi lilisomwa tangazo la msiba wa nani?”

Mama Loisi akaziangalia bandeji zake.

“Wa Bibi Mwanahawa. Lilisomwa refu, kila aliyefungua redio alilisikia. Mumeo alikatwa ili lisomwe.”

“Alikatwa wapi?”

“Kabla ya wimbo.”

Hapo kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. Akajaribu kujinyanyua, akasahau mikono, ikamuuma, akarudi kwenye mto.

“La Salha halikusemwa?”

“Halikusemwa, mama. Redio ungekuwa umeifungua ungejua.”

“Niliizima,” alisema taratibu. “Alipofika kwenye bendi niliizima. Nilijua mwisho unakuja. Kaseti niliisikia Ijumaa, mume wangu amekwenda kanisani kufanya usafi. Nikaisikia mara mbili, nikidhani sikuelewa.” Akamgeukia Munir. “Kwa hiyo hakuna aliyesikia?”

“Hakuna.”

“Mwanne?”

“Hata Bi Mwanne. Mumeo alimwambia yule binti aufute mwisho wote, na umefutwa.”

Mama Loisi akafumba macho. Akaanza kusema, na Munir hakumkatiza. Alisema Hombolo alikotoka wasichana wenzake walimwonea wivu mpaka wakaacha kumsalimia, kwa ajili ya wimbo ule. Alisema hakupata mtoto, hakupata nyumba ya maana, alipata wimbo. Wanaume wengine wanaleta mke wa pili nyumbani unamwona, unagombana naye, mnazoeana. Yeye alikaa na Salha sebuleni miaka yote hiyo, anamfutia vumbi, anamfumia kitambaa, anakaa anamsikiliza kila jioni na kufurahi kama mpumbavu. Alipojua kwamba Jumamosi saa nane mji mzima utajua, aliona ni afadhali piano isiwepo watu watakapokuja kumcheka. Kaseti aliitia humo humo ndani ya piano.

“Kitambaa nilikitoa kwa sababu ni changu,” alisema.

“Na mikono?”

“Kiti chake kilishika moto. Nikataka kukitoa.” Akafikiri. “Sijui kwa nini.”

Muuguzi akageukia dirishani. Munir akasubiri, kisha akasema lililobaki, maana mtu wa kulisema ni yeye. Saa nane Meshack anapandishwa kizimbani. Kosa linaweza kumzika gerezani. Kitambaa hakitoshi, na maneno ya Salwa hayatoshi. Bila maelezo yake yeye, faili linakwenda kama lilivyo.

“Meshack ni mlevi na mropokaji,” Mama Loisi alisema. “Lakini alinibebea maji siku ya harusi yangu.”

“Ndiyo, mama.”

“Nikisema ni mimi, wataniuliza kwa nini.”

“Watakuuliza.”

“Mbele ya watu?”

“Mahakama iko wazi. Na Bi Mwanne hakosi kesi.”

Wagonjwa wa vitanda vya upande wa pili walikuwa wanagawiwa chakula, na kelele za sahani zikaja zikaisha. Munir hakutazama saa ingawa alitamani. Alijua kinachopimwa pale. Upande mmoja mzee mwenye kikohozi na binti yake, upande mwingine kitu pekee ambacho mwanamke huyu aliwahi kuonewa wivu, na kumbe mpaka dakika hii kilikuwa bado kizima.

“Andika,” Mama Loisi alisema. “Mimi Loisi Ndahani ndiye niliyechoma piano, kwa mkono wangu, peke yangu. Mgongo niliousema sikuuona. Meshack hahusiki.”

Munir akaandika. “Sababu?”

“Andika nilichoshwa na kelele.”

Kalamu ikasimama. “Kelele gani, mama?”

“Za piano. Kila jioni, ping, ping, ping, mtu umechoka unataka kulala. Andika hivyo.”

“Hakimu hataamini.”

“Wewe umesema maelezo ni yangu.”

Ni kweli alisema. Maelezo ya onyo, yaani ya mtu aliyekwisha kuonywa kisheria, ni ya mtoa maelezo, polisi huandika anachoambiwa. Munir aliandika neno hilo, akamsomea yote tangu mwanzo, akamwuliza kama kuna la kuongeza au la kupunguza. Mama Loisi akasema halipo. Muuguzi akaishika karatasi, Munir akapaka wino kile kidole kimoja kilichopona, na mama akakibonyeza mwenyewe kwa nguvu, ingawa jasho lilimtoka.

Nje, Respicius alisimama haraka alipoona karatasi. Munir akampa, akamwambia akimbie mahakamani, aende na gari, yeye atatembea. Kisha akabaki na Mzee Sila, akamweleza kwamba mkewe amekiri na kwamba askari wa kike atakuja kukaa naye wodini. Mzee hakupiga kelele wala hakubisha. Inaelekea, tangu alipoitafuta kaseti akaikosa, alikuwa analijua la kuja. Alivyovaa shati lile lile siku ya tatu, na midomo ilivyomkauka, Munir aliona mtu anayengoja hukumu yake.

“Amesema kwa nini?” Mzee Sila aliuliza. Hakumtazama usoni.

“Kelele, mzee. Amesema alichoshwa na kelele za piano.”

Mzee Sila akainua kichwa. Lawama nyingine yoyote alikuwa amejiandaa nayo, hiyo ilionekana wazi. Hii haikuwemo. Akalirudia neno kwa sauti ndogo, kelele, akaviangalia vidole vyake vilivyokuwa juu ya magoti.

“Miaka yote ile?” alisema. “Hata wimbo wake?”

Munir akamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mzee akabaki kwenye benchi, bakuli la uji pembeni, wala hakuinuka kuingia ndani mpaka askari wa kike alipofika.